Unabana pua na ung'eng'e, lakini kifungu umekielewa?

Leo naomba wale wa mapenzi na mishono wanivumilie kidogo. Mtihani wa kidato cha nne huwa ni Novemba, na kila mwaka msimu wake ukianza kunukia maswali ya vijana wa fomu foo yananijia mfululizo, mengi yakiwa ni lilelile: huu ufahamu wa Kiingereza unafanyiwaje mazoezi? Kuna mmoja anasema kila akifanya kifungu anapata tano kwa kumi. Akirudia, tano. Akienda tuisheni, tano. Sasa ameamua kukariri kamusi na amefika herufi G. Jamaa anapiga msuli kweli kweli, hilo halina ubishi, lakini akienda mwendo huo hadi Z bado atapata tano yake.

Kwanza tuwaweke pembeni wabana pua. Mnawajua. Yule sista duu au bishoo ambaye akipanda daladala pale Mwenge ni lazima apokee simu kwa Kimombo, ili abiria wote mpaka konda wajue kwamba kasoma. Kumwaga ung'eng'e si dhambi, na mtu anayejiamini kuzungumza ana mtaji mkubwa mjini. Ila ukizungumza unachagua maneno mwenyewe. Neno usilolijua unalikwepa, unapita njia ya panya, maongezi yanaendelea na hakuna aliyeshtuka. Kwenye kifungu cha habari maneno kachagua mwingine na huna pa kukwepea. Ndiyo maana unamkuta mtu anabana pua kama kashuka na ndege jana usiku, pepa zikirudi ana D, na yule dada mpole wa dawati la nyuma, ambaye hata salamu ya Kiingereza hujawahi kuisikia kinywani mwake, kapata B.

Mtasema, aah, ufahamu una maksi chache tu, nikikosa nitafidia kwenye sarufi na kwenye vitabu vya hadithi. Hapo ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Sekondari zetu, ukiacha Kiswahili na masomo machache mengine, zinafundisha na kutahini kwa Kiingereza. Kwa hiyo pepa ya Bailojia nayo ni ufahamu. Jiografia ni ufahamu. Historia ndiyo usiseme. Mtoto anajua kabisa tofauti ya mshipa unaotoa damu kwenye moyo na ule unaoirudisha, lakini swali limesema "distinguish", yeye akakomaa kueleza mmoja tu, kurasa mbili, na michoro juu. Nimewahi kuona karatasi ya majaribio ya Historia ambayo swali lilianza na "Account for", yaani toa sababu. Kijana wa watu akatafuta namba za kujumlisha. "Account" anayoijua yeye ni ile ya benki.

Huyo si mjinga, jamani. Alisoma. Alikesha. Kaangushwa na maneno mawili ya mwanzo wa swali. Na kwa jinsi Baraza la Mitihani linavyopanga alama siku hizi, D inaanzia 30 na C inaanzia 45, na anayetaka kidato cha tano anatakiwa awe na C zisizopungua tatu. Maswali mawili matatu yaliyosomwa ndivyo sivyo katika kila pepa yanatosha kumrudisha mtu maskani akauze vocha, huku Bailojia yote iko kichwani.

Tena tatizo lenyewe si la jana wala juzi. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakaandika ripoti. Walichokikuta ni kwamba kama asilimia 10 tu ya waliokuwa kidato cha nne ndio walikuwa wamefikia kiwango ambacho mtu anatakiwa awe nacho ili aanze kusomea masomo kwa Kiingereza. Rudia kuisoma hiyo. Hawakusema amalize, wamesema aanze, na hao walikuwa ndio wanamaliza. Baadaye ukaja mradi wa fedha za Waingereza ulioleta shuleni vitabu vya hadithi za Kiingereza rahisi, watoto wasome wenyewe mpaka macho yazoee. Wazo lilikuwa bomba. Kuna shule zilivitumia. Kwingine, kama shule moja ninayoijua, vilifungiwa kabatini ili visichakae, na kweli havikuchakaa, vililiwa na mchwa vikiwa vipya. Miaka mingi ikapita, yakaja matokeo ya mtihani wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013: zaidi ya nusu ya watahiniwa divisheni ziro. Nchi nzima ikashika kichwa, ikaundwa tume, matokeo yakapangwa upya. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na katika mijadala ya wakati ule suala la lugha halikukosekana.

Sasa turudi kwa mshikaji wa kamusi. Yeye anadhani ufahamu ni mtihani wa maneno. Sio. Hebu jiulize, kwenye pepa ya Kiswahili si kuna ufahamu pia? Kule mbona hatoki jasho? Akikutana na neno la Kiswahili asilolijua hazimii. Anaendelea mbele, anaangalia nani kafanya nini, anarudi nyuma, anakisia kwa akili, anaandika jibu na anapata. Ujuzi huo anao tayari, kauanza tangu darasa la tatu. Ila akiona Kiingereza anauacha mlangoni pamoja na kandambili. Neno la kwanza gumu likitokea, kagota. Anaacha kusoma, anaanza kuwinda: neno lililopo kwenye swali, kwenye kifungu liko wapi? Akiliona ananakili sentensi nzima kama ilivyo na kumwachia msahihishaji atafute jibu mwenyewe humo ndani.

Tufanye mfano. Kifungu hiki nimekitunga mwenyewe, si cha Baraza, msije mkaenda kukiuza kijiweni kwamba pepa imevuja:

"Although the rains came early that year, most farmers in the valley were reluctant to plant. They remembered the previous season, when the river had left its bed and carried everything away. Only one old woman took her hoe and went to the field. 'It will not happen twice,' she told them."

Swali la kwanza: wakulima wengi walikuwa na msimamo gani mvua zilipokuja? Mwindaji wa maneno anaona "rains came early", anajua mvua ni neema, anajibu kwamba walifurahi wakaenda kupanda. Kachemsha. Hajaliona "although" limekaa pale mwanzoni. Neno hilo dogo ni kama trafiki aliyenyoosha mkono: linakwambia kinachokuja mbele kinapingana na hiki ulichokisoma. Mvua imewahi, LAKINI. Sasa hata kama "reluctant" hujawahi kukutana nalo maisha yako yote, umeshalishika mkia. Mvua imewahi, lakini wakulima hawakuwa vile ulivyotegemea kuhusu kupanda. Sentensi inayofuata inakupa sababu, wanakumbuka balaa la msimu uliopita. Basi walikuwa wanasitasita, hawakuwa na moyo wa kupanda. Umelipata neno bila kufungua kamusi, na swali linalotaka maana ya neno "kama lilivyotumika kwenye kifungu" ndivyo linavyotaka ufanye.

Swali la pili: "the river had left its bed" maana yake nini? Hapa ndipo mkariri kamusi anapoumbuka, kwa sababu "bed" anaijua sana, ni kitanda, kaikariri muda mrefu tu, iko herufi B. Mto ukaacha kitanda chake, sijui ukaenda wapi usiku. Mwenye akili ya ufahamu anasema hapana, mto haulali. Mto una mahali unapopita. Ukitoka mahali pake na kubeba kila kitu, hayo ni mafuriko.

La tatu ni lile linalowaua wengi, na ni dogo kama sisimizi: "It" katika maneno ya yule bibi inasimama badala ya nini? Si jembe, si shamba, ingawa ndivyo vilivyo karibu nayo. Ni yale mafuriko ya sentensi ya pili. Maneno kama "it", "they", "this" na "such" ndiyo gundi ya kifungu. Mimi ningekuwa mwalimu wa fomu foo ningetumia wiki nzima kwa hayo tu, na mwanafunzi achore mshale kwa penseli kutoka kwenye "it" mpaka kwenye kitu chenyewe. Ukishachora mishale ya vifungu ishirini hivi, macho yanaanza kuichora yenyewe.

Tumetumia sentensi nne tu na umeona zilivyo na mambo. Hilo ndilo zoezi. Kifungu kifupi, lakini kikamuliwe kisawasawa. Sio vifungu sita kwa jioni moja kama mtu anayekimbizwa na mgambo.

Kwa mazoezi ya nyumbani ninavyoona mimi, dakika ishirini kila siku zinamshinda anayekaa saa nne kila Jumamosi. Chukua kipande kisichozidi ukurasa mmoja. Soma mara ya kwanza mpaka mwisho bila kusimama, hata ukihisi hujaelewa kitu, na simu iwe chumba kingine. Halafu funga kitabu, mwambie mtu kwa Kiswahili ulichokisoma. Ndiyo, kwa Kiswahili! Kuna walimu watanikasirikia, nawaheshimu, lakini kama huwezi kumweleza bi mkubwa jikoni kwa lugha yako kwamba mto ulifurika na bibi mmoja akaenda shamba peke yake, ujue hujaelewa, umetazama tu wino. Ukishaweza kumweleza, rudi kwenye kifungu, jibu maswali kwa Kiingereza, sentensi zako mwenyewe, fupi. Kila jibu andika pembeni namba ya mstari ulikolitoa. Jibu lisilo na mstari ni uzushi.

Kamusi inakuja mwisho, na maneno matano tu kwa siku, yale ambayo bila hayo kifungu hakisogei. Andika neno pamoja na sentensi yake nzima. Neno peke yake ni kama namba ya simu isiyo na jina. Na hizi simu zinazotafsiri kila kitu ukizielekeza kwenye karatasi, ni nzuri kwa mtalii. Wewe ukiizoesha simu kuelewa kwa niaba yako, siku ya mtihani inabaki nje ya chumba na uelewa wako umebaki nao huko huko.

Cha kusoma si lazima kiwe cha bei. Magazeti ya Kiingereza kama Daily News, The Guardian na The Citizen yanazungumzia mambo ambayo umeshayasikia kwenye redio kwa Kiswahili, na hiyo ni nusu ya kazi. La jana linafungiwa maandazi, lisome kabla hujatupa. Kwa waliopo Dar, Maktaba Kuu ya Taifa iko pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu 1967. Wauza vitabu vya mitumba wa Posta wana hadithi kibao, wee jua kupatana tu. Kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga, shuka chini bila aibu: chukua vitabu vya Richard Mabala, Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vyembamba vile vinavyosomwa na madogo wa kidato cha kwanza na cha pili. Nani kakwambia fomu foo hasomi cha dogo? Ukimaliza kitabu chembamba chote na kukielewa ni bora kuliko kukwama ukurasa wa tatu wa kitabu kinene cha kuringia nacho kwapani. Kipimo changu ni hiki: kama kwenye mistari kumi maneno usiyoyajua yanazidi kumi, kitabu hicho kimekuzidi kwa sasa, kirudishe.

Na usisahau kitabu chako cha Bailojia. Aya moja ya mmeng'enyo wa chakula, itungie maswali matano kama anavyotunga mtahini: moja la sababu, moja la maana ya neno, moja la "it" ni nini, moja la tofauti, na la tano aya hiyo uipe kichwa cha habari. Umefanya Kiingereza na umefanya Bailojia, na bado saa mbili usiku haijafika.

Mkiwa kundi, utamu unaongezeka. Wanne wanatosha, mkizidi hapo inakuwa kijiwe. Kila mmoja atunge maswali mawili ya kuwanasa wenzake. Ukimtegea mwenzio lazima uwe umeelewa pa kumtegea, na ukishajua mitego inavyotegwa si rahisi kunaswa. Ubishi ukitokea asishinde mwenye sauti kubwa wala yule anayebana pua, aulizwe mstari uko wapi. Akiuonyesha, yaishe.

Sasa mitihani iliyopita, ile mnayoiita past pepa. Inauzwa kila kona ikiwa imeshajibiwa nyuma, na humo ndimo madesa yanamozaliwa. Kijana anasoma kifungu, anachungulia majibu, anasema "eeh, ndivyo nilivyokuwa nafikiri", anafungua kingine. Huyo hajafanya zoezi, kaangalia mpira kwenye televisheni na kudhani kacheza. Majibu ya kifungu cha mwaka juzi hayana faida hata ya shilingi mia, maana kifungu kile hakirudi. Kinachorudi ni aina ya maswali. Kwa hiyo karatasi za majibu mpe mama azifungie mpaka umalize, na ukikuta jibu lako halifanani na la kitabu usikimbilie kufuta. Rudi kwenye kifungu kwanza. Vile vitabu vya mitaani navyo vinachemsha, tena sana. Baraza lenyewe hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zinaonyesha waliofanya vizuri waliandikaje na waliokosa walikosa wapi. Kuzipata ni bure kwenye tovuti yao, ila wengi wanapita hapo wakitafuta matokeo tu.

Ufupisho nao ni ufahamu uliopunguzwa unene, sitakaa nao sana. Kama pepa imesema maneno yasizidi idadi fulani, hesabu neno moja moja kwa kidole. Ondoa mifano, ondoa majina, ondoa mbwembwe, bakiza nani kafanya nini na kwa nini. Kuokota sentensi ya kwanza ya kila aya na kuzipanga foleni hakufanyi ufupisho.

Kuna wanaouliza, je, nisome maswali kwanza au kifungu kwanza? Walimu hawakubaliani katika hili na kila mmoja ana wafuasi wake. Mimi nasema kifungu kwanza, harakaharaka, dakika tatu au nne. Ukianza na maswali unaingia kwenye kifungu ukiwa mwindaji, na tumeshaona wawindaji wanavyorudi kapa. Baada ya hapo soma maswali, pigia mstari neno la amri kwenye kila swali, kisha rudi kwenye kifungu taratibu. Pepa ya Kiingereza ni saa tatu, kwa hiyo muda upo. Fanya kifungu mapema kichwa kikiwa hakijachoka, usikiache mpaka msimamizi anatangaza dakika kumi zilizobaki na mkono umeshaanza kutetemeka.

Na kama katikati ya kifungu utakutana na neno ambalo hujawahi kuliona popote, vuta pumzi, lizungushie duara kwa penseli, endelea na sentensi inayofuata. Mara nyingi ndiyo yenye habari zake.

Wenye maswali zaidi yaleteni, na wa mishono wiki ijayo nipo kwa ajili yenu.